Ndevu Hazifundishi Mpira

Hotuba kwa makocha, walimu wa michezo na viongozi wa vilabu vya mitaa, Tononoka, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, walimu, akina mama, dada zangu, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake na uongozi katika michezo. Naona viongozi wa vilabu wamekaa mbele na makocha wanawake wamekaa nyuma karibu na mlango. Sitawahamisha, ila nimeona.

Nianze na yale ambayo hatutabishana. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kenya ilirudi na medali 11, na 7 kati ya hizo zililetwa na wanawake. Dhahabu zilikuwa 4. Beatrice Chebet alichukua mita 5,000 na mita 10,000, Faith Kipyegon akachukua mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo, halafu Emmanuel Wanyonyi, Mungu ambariki, akawasitiri wanaume kwa ile ya mita 800. Kwa hivyo habari ya kama mwanamke anaweza michezo imekwisha. Anayetaka kuijadili, aijadili na mkewe nyumbani.

Lakini zitafute picha za mashindano kama yale, usiangalie wanaokimbia. Waangalie waliosimama pembeni wameshika saa. Paris, nafasi za wanariadha ziligawanywa nusu kwa nusu, wanaume na wanawake. Kwa makocha hesabu ni nyingine kabisa: Olimpiki iliyotangulia, ile ya Tokyo, wanawake walikuwa asilimia 13 tu ya makocha. Tumemruhusu mwanamke atoe jasho. Kumwambia mtu atoe jasho vipi, lini na kwa mpango gani, hiyo bado tunaona ni kazi ya mwanamume. Maneno yangu yote leo yako hapo.

Ataniambia mtu, mwalimu, mambo ni polepole, tumetoka mbali. Ni kweli tumetoka mbali. Kenya ilianza Olimpiki 1956, na wanawake wetu wa kwanza wakaenda Mexico 1968: Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire. Medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya ilikuja 1996, Pauline Konga, fedha ya mita 5,000. Dhahabu ya kwanza ni ya Pamela Jelimo, 2008. Piga hesabu kutoka 1968, ni miaka 40. Sasa niambieni, na hii ya ukocha tungoje arobaini nyingine?

Na hata tukingoja, haiendi mbele yenyewe. Wakati mwingine hurudi nyuma, na nitawapa mfano ambao ulinishtua niliposoma habari zake. Marekani walipitisha sheria mwaka 1972 ya kuzilazimu shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali vitoe nafasi sawa kwa wasichana, michezo ikiwemo. Sheria nzuri sana. Wasichana waliojiunga na michezo waliongezeka mno. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifunzwa na wanawake. Kufika 2014, zilizokuwa mikononi mwa wanawake ni kama asilimia 43. Wachezaji wameongezeka, makocha wanawake wamepungua sehemu yao. Kisa ni nini? Pesa. Kazi ilipokuwa ya kujitolea, ilikuwa ya akina mama. Ilipoanza kuwa na mshahara, ghafla ikahitaji mtu mwenye uzoefu, na mwenye uzoefu akaonekana kuwa na ndevu.

Mnacheka, lakini hiyo Marekani iko hapa hapa. Mwalimu wa shule ya msingi anaanzisha timu ya wasichana mtaani. Anakusanya watoto, anaomba mipira, anazunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi. Miaka inapita, timu inaanza kushinda, anajitokeza mfadhili na jezi mpya na posho kidogo. Wiki ya pili anatafutwa kocha mkuu. Na yule mwalimu? Anapandishwa cheo kuwa meneja wa timu.

Wacha niwaeleze cheo hicho, maana wengi mnakitoa bila kukiangalia. Meneja wa timu ndiye anayebeba mfuko wa jezi, na ndiye anayehesabu soksi mechi ikiisha kwa sababu kila mara inapotea moja. Ndiye anayempigia mamake golikipa simu kuomba ruhusa ya safari ya Malindi. Mechi ikichezwa, anakaa mwisho wa benchi na simu za wachezaji wote mapajani, zinalia moja baada ya nyingine. Mtoto akichubuka goti, ni yeye na maji ya chumvi. Akija nahodha kumuuliza, mwalimu, kwa nini leo nimewekwa nje, jibu lake ni moja: muulize kocha. Mtu huyu anamjua kila mchezaji, anajua nani amekosana na babake na nani hakula jana, na hana sauti juu ya nani acheze. Timu ameizaa yeye. Amebaki mlezi wa soksi.

Sisemi umeneja ni kazi duni. Nasema tunaitumia kama mahali pa kumweka mwanamke aonekane kwenye picha.

Sasa tutoke kwenye benchi twende uwanjani. Pita mtaa wowote wa Mombasa hii, uwe Kisauni, uwe Mikindani, uwe Likoni. Kuanzia saa kumi mpaka magharibi, jua limepoa, upepo wa bahari umeanza, uwanja ni wa wavulana. Waulize wasichana wao wanafanya mazoezi saa ngapi. Saa nane. Saa nane mchana, Mombasa, mwezi wa Februari! Mchanga unachoma mpaka ndani ya kiatu, na huyo ni yule aliyenacho kiatu.

Walio na umri kama wangu wanakumbuka Machi 2007, mji huu ulipoandaa mbio za nyika za dunia pale uwanja wa gofu, barabara ya Mama Ngina. Joto na unyevu wetu viliwafanyia wageni kazi kubwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa huo miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kumaliza. Upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbia kwa niaba ya Uholanzi. Kama hali ya hewa ya hapa ilimtoa Bekele njiani, mtoto wa miaka 13 ambaye pengine chakula cha mchana hakukiona tunampangia saa nane kwa hoja gani? Halafu akiacha kuja tunasema wasichana hawana bidii.

Na ratiba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilipangwa na kamati, na kamati nyingi hukutana maskani, pale kijiweni wanaume wanapopiga soga, baada ya Isha, kahawa na kashata katikati. Mama mwenye watoto atakaa maskani saa tatu usiku na wanaume, kisha arudi nyumbani aseme alikuwa akigawa saa za uwanja? Hataenda, na akienda ataenda mara moja. Kwa hivyo hayupo saa zinapogawanywa, na hakuna wa kusema kwamba jioni msichana ana maji ya kuteka, ana mdogo wake wa kulea, ana chuo cha Kurani, na kwamba Jumamosi asubuhi ndiyo nafasi yake. Mwanamume mwenye huruma anaweza kuyajua hayo. Nimewaona, tena wengine wako hapa. Lakini haki haifai kungojea mpaka apatikane mwenye huruma.

Kuna wanaosema mambo haya ya wanawake kuongoza mashindano yameletwa na wafadhili. Anayesema hivyo hakukaa na nyanya yake. Wanawake wa Mombasa, tangu zama za ukoloni, walikuwa na vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa karamu. Vilikuwa na viongozi, vina vyeo, vina michango, na ushindani wake ulikuwa mkali, hata mechi ya Mashemeji, ya Gor Mahia na AFC Leopards, ingeona haya. Nani aliyepanga mazoezi? Wao. Nani aliyeshika fedha? Wao. Aliyevuruga mstari alionywa na nani? Na wao. Hakuna mwanamume aliyeitwa kuja kuwa kocha mkuu wa lelemama. Kwa hivyo mwanamke kuongoza wenzake katika ushindani, mbele ya mji mzima, Mombasa ilikuwa nako kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Uwezo wa leo nao tumeuona. Mwaka 2024 timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilifuzu Kombe la Dunia la FIFA kule Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu nyingine ya soka ya Kenya, ya wakubwa wala wadogo, ya wanaume wala wanawake, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia. Kocha wao alikuwa Mildred Cheche. Walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2–1. Mwaka huo huo Jackline Juma akapewa FC Talanta, timu ya wanaume ya ligi kuu, wakati watu bado wanabishana mtandaoni kama wanaume watamsikiliza. Mchezaji humsikiliza anayeamua nani aanze. Hilo halina jinsia.

Huko nje kocha Sarina Wiegman ametwaa Kombe la Ulaya la wanawake mara tatu, 2017 na Uholanzi, 2022 na 2025 na Uingereza. Emma Hayes alishika timu ya wanawake ya Marekani na miezi michache baadaye akawa na dhahabu ya Paris. Afrika tunaye Desiree Ellis, aliyeipa Afrika Kusini ubingwa wa bara 2022, na mwaka uliofuata akaivusha makundi ya Kombe la Dunia. Na bado katika Kombe la Dunia hilo la 2023, mashindano ya wanawake wenyewe, timu 32, makocha wakuu wanawake walikuwa 12.

Kwa hivyo kinachokosekana kiko wapi? Naona kiko kwenye ngazi. Katika soka unaanza leseni ya ukocha ya D, unakwenda C, kisha B, kisha A. Kila ngazi ina ada, ina siku za kuwa nje ya nyumba na kazi, na mara nyingi klabu ndiyo inayompeleka mtu. Nafasi ikifika klabuni, jina la kwanza kuandikwa ni la kijana aliyekuwa mchezaji hapo, kwa sababu yeye yuko pale pale maskani. Mwanamke anaambiwa, wewe utaenda ya mwaka ujao. Mwaka ujao ana mimba, na mwaka wa pili ananyonyesha, na kozi iko Nairobi. Baada ya hapo tunatangaza kazi ya kocha mkuu, leseni B na kwenda juu, na tunasikitika kwa dhati kabisa kwamba hakuna mwanamke aliyeomba!

Suala la uzazi lina majibu, ni kutaka tu. Faith Kipyegon alijifungua 2018 na akarudi kuchukua dhahabu ya Tokyo na ya Paris. FIFA tangu 2021 inaamuru likizo ya uzazi ya wiki 14 yenye malipo kwa wachezaji wa kulipwa, na 2024 ikawaingiza makocha wanawake katika kanuni hizo. Najua mtasema, mwalimu, klabu yetu haina hata mkataba wa kocha. Sawa. Lakini nauli ya dada yake aje akae na mtoto siku za kozi, hiyo klabu inaiweza. Tumechangia jeneza, tumechangia harusi, tumechangia faini ya mchezaji aliyepigana na refa.

Niguse la mavazi, maana hapa kwetu wasichana wengi huachia hapo. Hijabu inaruhusiwa. FIFA iliiruhusu rasmi 2014, mpira wa kikapu ukafuata 2017, na 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia akiwa amejistiri kichwa. Bado kuna makocha na marefa wa mtaani wanaomwambia mtoto avue au atoke. Kanuni hawazijui, na msichana anarudi nyumbani akiamini ni dini yake iliyomtoa. Mwanamke aliyevaa buibui lake, filimbi shingoni, akienda kubisha hodi Majengo kumwombea binti ruhusa, anaingia mpaka uani, anaongea na mama na nyanya. Kocha mwanamume, hata awe mwema vipi, anaishia barazani. Huo ni ujuzi wa kazi, na ulipwe kama ujuzi.

Sasa lile gumu. Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Bonde la Ufa, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Nchi ililia. Kifo chake kiliwafanya wengi waseme hadharani yale yaliyokuwa yakinong'onwa: wanariadha wasichana ambao kocha, meneja, mshika pesa na wakati mwingine mume ni mtu mmoja, au ni watu wanaokula sahani moja. Akidhulumiwa, anamshtakia nani? Pwani hatuna haki ya kusema hayo ni ya Bonde la Ufa. Msichana anayelipiwa nauli ya feri na kocha, anayenunuliwa viatu na kocha, anayepangiwa namba na kocha, yuko mahali hatari hata kama kocha huyo ni malaika. Kila klabu yenye wasichana iwe na mwanamke mwenye mamlaka ya kweli, ambaye neno lake linaweza kumsimamisha kocha kazi. Meneja wa soksi hatoshi kwa hilo.

Ila niongeze upesi, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza njia: simtaki mwanamke kwenye benchi awe mlinzi wa wasichana tu. Kuna klabu zitakazosema, tumemweka mama mmoja, wazazi wametulia, basi. Namtaka awe pale kwa sababu anajua kupanga ulinzi wa watu watatu, anajua lini aongeze kiungo, anajua kumsoma mpinzani kipindi cha kwanza.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lenyewe lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kwa hivyo anayengoja mfano kutoka juu atangoja sana. Hata Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, iliyoundwa 1894, ilipata wajumbe wake wa kwanza wanawake 1981, na ni Machi 2025 tu ilipomchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa rais, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Kwetu, kamati ya watu tisa ikiwa na mwanamke mmoja, tazama cheo chake: mwakilishi wa wanawake. Hao wengine wanane wanawakilisha nini?

Kwa hivyo ninyi viongozi, mkutano wa kugawa saa za uwanja ufanyike mchana, mahali ambapo mama anaweza kuja na mtoto wake. Nafasi ya kozi itakayofuata klabuni kwenu, jina la kwanza liwe la mwanamke, na klabu imlipie. Mfadhili akija na pesa, mshahara wa kwanza uende kwa aliyeianzisha timu, hata kama itabidi asome huku anafundisha.

Akina dada mliokaa nyuma, nanyi nina neno. Mkipewa timu msiseme, mpeni fulani, mimi nitamsaidia. Nimelisikia hilo mno. Fulani hakusema hivyo alipopewa, na wengine wao walikuwa hawajui hata kanuni ya kuotea.

Na makocha wanaume wenye wasaidizi wanawake, Jumamosi hii mna mechi. Msaidizi wako apange kikosi, azungumze na wachezaji wakati wa mapumziko, afanye mabadiliko yeye. Wewe shika zile simu. Akikosea, atakosea kama mlivyokosea ninyi Jumamosi iliyopita, na bado kazi zenu mnazo.